Pembe ya Kushoto

Irungu alimvutia kiti, lakini Inspekta Soila hakuketi. Alisimama kwenye baraza ya nyumba ya meneja akizungusha pete ya ufunguo wa gari kidoleni.

"Niambie tena," alisema. "Polepole. Kama unamwambia mtu ambaye hajawahi kusikia."

Irungu alikuwa meneja wa ranchi hiyo iliyo nje ya Kitengela, pale ambapo majumba yanakoma na nyasi zinaanza. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka kwa pasi, buti safi kupita za mtu anayeingia bomani. Kisa hiki alikuwa amewasimulia polisi mara kadhaa, na sasa kilikuwa kimelainika mdomoni mwake kama mpini wa jembe la zamani.

"Ilikuwa asubuhi. Nikasikia kelele kwa boma ya huko nyuma, ile ya fahali mgeni. Nikakimbia. Kufika kwa geti, nikapata Muema amebanwa kwa ukuta. Fahali ameinamisha kichwa, pembe zote mbili ziko ndani ya kifua. Hakumrusha, hakumkanyaga. Alimdunga mara moja akarudi nyuma. Muema alikuwa amekunywa, Madam. Mlevi na fahali mgeni, wewe unatarajia nini?"

"Pembe zote mbili kwa pamoja?"

"Kwa pamoja. Niliona na haya macho yangu."

Maelezo hayo yalikubaliana na ripoti ya daktari wa hospitali. Kifua cha Muema, mchungaji wa ranchi, kilikuwa na matundu mawili, yameachana kwa shubiri moja, yote yamezama kina kimoja. Daktari aliandika kwamba pembe za ng'ombe zingeweza kufanya hivyo. Fahali alichinjwa siku ileile kabla polisi hawajamwona, Muema akazikwa kwao Makueni, na sasa mkubwa wa Soila alitaka faili lifungwe kabla ya jioni kama ajali ya kazini. Lingekuwa limeshafungwa kama si mjane wa Muema, Kaluki, ambaye jana alikaa kwenye benchi la kituo akakataa kuondoka mpaka asikilizwe.

"Mke wa Muema anasema fahali huyo alikuwa na pembe moja," Soila alisema.

Irungu alitikisa kichwa kwa huruma. "Kaluki hakuwahi kufika hiyo boma. Ng'ombe mgeni tunamtenga kwanza. Alikuwa anaonwa na Muema na mimi, basi. Lakini usiniamini, Madam. Enda Kajiado, kwa kile chuo cha udaktari wa mifugo. Mwenye shamba aliwapatia kichwa, na wametengeneza fuvu ya plastiki ya kufundisha watoto. Nimeiona mimi mwenyewe. Iko na pembe mbili. Pima."

"Na fuvu lenyewe liko wapi?"

"Mzee mwenye shamba alilitaka, nikaenda nikalichukua. Nikaliweka nyuma ya stoo. Mbwa wakalimaliza."

"Mbwa walimaliza fuvu la fahali?"

"Hujui mbwa wa huku."

Soila alikuwa mtoto wa wafugaji. Mifupa ya vichwa vya ng'ombe aliyoichezea utotoni ilikaa nyuma ya boma mvua baada ya mvua, na mbwa hawakuwa wachache. Aliwasha gari akaelekea Isinya, njia ya Kajiado, na alipofika kwenye lami alikuwa tayari anayapita malori ya Namanga upande ambao hakupaswa kuyapita.

*

Chuo kilikuwa pembeni mwa mji wa Kajiado, majengo mapya yenye mabati ya buluu. Ndani ya maabara Soila alitarajia ile harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti, inayochoma macho. Hakuikuta. Kulikuwa na harufu nyepesi ya plastiki iliyopashwa moto. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walizunguka meza, kila kikundi na kiungo chake: mguu wa farasi unaochomoka kipande kwa kipande, moyo wa mbwa uliopasuliwa vyumba vionekane, tumbo la mbuzi lenye rangi nne. Msichana mmoja alikuwa amefumba macho akipapasa mfupa, wenzake wakimngojea autaje.

"Femur, mfupa wa paja! Ya kushoto!"

"Umejuaje ni ya kushoto?"

"Hii kichwa yake inaangalia ndani."

Pembeni, mashine mbili zenye ukubwa wa tanuri la mkate zilikuwa zikichora kwa plastiki mfupa mwingine, tabaka juu ya tabaka, zikilia kama nyuki walio ndani ya mzinga. Aliyekuwa akizisimamia ni Ciku, fundi wa maabara, mwanamke kijana mwenye miwani iliyopandishwa kichwani. Alikisoma kitambulisho cha Soila, akakisoma tena.

"Fahali ya ile ranchi? Iko, Madam. Ndiyo tunapenda sana. Zamani walikuwa wanafundisha na mifupa halisi, zinavunjika, zinapotea, mtu anabeba jino anaenda nayo hosteli. Hii hata ukiangusha, naprinti ingine."

Alilileta fuvu kwa mikono miwili akaliweka mezani. Lilikuwa jeupe kama maziwa, zito kuliko lilivyoonekana. Pembe mbili zilitoka ubavuni mwa kichwa zikapinda kwa mbele na kwa ndani, ncha zikikaribiana kama vidole vinavyotaka kushika kitu.

Soila alitoa mfukoni kamba aliyoifunga mafundo mawili kufuata vipimo vya daktari. Akaweka fundo la kwanza kwenye ncha ya kulia. La pili likatua kwenye ncha ya kushoto. Karibu sawasawa. Alirudia kupima. Likatua palepale.

"Imetosha?" Ciku aliuliza.

"Imetosha."

Alitoka nje akampigia Kaluki simu.

"Mama Mwende, nimeliona fuvu. Liko na pembe mbili."

Upande wa pili palikuwa na mlio wa pikipiki na mtoto akilia. Kisha Kaluki akasema, "Basi hiyo si ile ng'ombe."

"Ni ile. Chuo kilipewa kichwa chake."

"Afande, mimi nilikuwa napelekea Muema chakula huko nyuma kila siku, ata kama meneja alikataza. Hiyo ng'ombe nimesimama nayo karibu hivi. Upande wa kushoto hakuna kitu. Kuna kakisiki tu. Muema alikuwa anaiita Katemi, kwa sababu ya hicho kisiki. Ata mkinifunga, nitasema hivyo."

"Hakuna mtu anakufunga."

"Mnasema mume wangu alikuwa mlevi. Muema alikuwa mzee wa kanisa. Mnasema mimi ni mwongo. Sasa mmebakisha nini?"

Simu ikakatika. Mara ileile ikaita tena. Alikuwa mkubwa wake, anauliza kama faili liko tayari. Soila alijibu kwamba liko karibu, akarudi ndani kuchukua kamba yake aliyoisahau mezani.

Angeichukua akaondoka. Lakini wanafunzi walikuwa wakitoka kwa kelele, mlango umejaa, na ilimbidi asimame angoje. Mikono yake haikuwahi kujua kungoja. Ilianza kulipapasa fuvu kama alivyomwona yule msichana akifanya, vidole gumba viwili, kimoja kila upande, kutoka puani kwenda machoni.

Chini ya tundu la jicho la kulia kidole chake kiliingia kwenye kishimo, jeraha la zamani lililopona vibaya, umbo la punje ya mahindi, ncha yake imeelekea sikio.

Kidole cha kushoto kilikuwa kimeingia kwenye kishimo pia.

Aliinama akatazama. Punje ya mahindi. Ncha imeelekea sikio. Alifungua taya: kulia jino moja la nyuma lilikuwa limepasuka kwenye kona. Kushoto jino lilelile lilikuwa limepasuka kwenye kona ileile.

"Ciku. Kuja hapa."

"Sema, Madam."

"Ng'ombe hupigwa upande mmoja. Anagonga mti, anapigwa jiwe, anapata kovu. Huyu alipigwa pande zote mbili, mahali pamoja, na kitu kimoja?"

Ciku alishusha miwani machoni. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, kisha akatoa pumzi. "Aki. Hii wamegeuza. Wamechukua nusu moja ya picha wakaigeuza kama kwa kioo, wakaunganisha. Hii kichwa yote ni upande mmoja, mara mbili."

"Nani aligeuza?"

"Mimi sikuwa. Nimeandikwa kazi juzi. Ni Daktari Joram ndiye alipokea hiyo kichwa, akaichemsha, akaiskani. Mimi naprinti tu ile faili nilipata."

"Joram yuko wapi?"

"Ameenda Kimuka na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wanachanja ng'ombe. Huko mtandao ni shida."

Soila alipiga. Simu haikupatikana. Alitembea hadi dirishani akapiga tena, akatembea hadi mlangoni akapiga tena.

"Picha ya kwanza," alisema. "Kabla haijageuzwa. Mnaifuta?"

"Daktari hafuti kitu. Shida ni kuipata." Ciku alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta. Folda moja ilifungua nyingine. Mbavu za kondoo. Kwato. Nyonga ya ngamia. Soila alisimama nyuma ya kiti chake, akaondoka, akarudi.

"Madam, ukinisimamia hivyo siwezi tafuta."

"Samahani. Endelea."

"Ngoja. Hii." Ciku alibonyeza.

Fuvu lilijichora kwenye kioo cha kompyuta, la kijivu, na mikwaruzo ambayo lile jeupe halikuwa nayo. Ciku aliligeuza taratibu. Upande wa kulia: pembe ndefu iliyopinda, kishimo chini ya jicho, jino lililopasuka. Akalizungusha. Upande wa kushoto shavu lilikuwa laini, jino zima, na mahali pa pembe palikuwa na kisiki kifupi kama ngumi ya mtoto, kimefunga juu, mviringo.

Mashine zilizidi kulia.

"Hiyo haikukatwa baada ya kufa?" Soila aliuliza.

"Siwezi sema. Hiyo muulize daktari."

Simu ya Soila ikaita; Joram ndiye aliyepiga. Alikuwa amepanda kilima akaziona simu zote alizokosa. Upepo ulikuwa unampiga kwenye simu na ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Ndiyo, ya kushoto ilikuwa kisiki," alisema bila kusita. "Ilivunjika zamani, pengine akiwa bado ndama. Mfupa ulikuwa umepona na kufunga kabisa. Huo ni uponaji wa miaka, Inspekta, si wa wiki."

"Kwa nini ulimpa pembe ya pili?"

"Kwa sababu ya darasa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima amjue ng'ombe mzima kabla ya kumwona aliyevunjika. Ile picha ya asili niliiweka kwa somo la majeraha muhula ujao." Kisha akauliza: "Kuna shida?"

"Meneja wa ranchi alipokuja kuchukua fuvu, alikuona?"

"Nilimpa mimi mwenyewe. Akaona ile nyeupe mezani, akaishika akaitazama sana. Akasema tumefanya kazi nzuri."

Soila alimwomba asimwambie mtu. Kisha alifanya yaliyopaswa kufanywa, kwa haraka lakini bila kuruka hata moja. Ciku alinakili picha ya asili mbele yake kwenye kifaa kipya cha kuhifadhia data, wakakitia ndani ya bahasha, wakaifunga, wote wawili wakaweka sahihi juu ya gundi. Kompyuta ikafungiwa chumbani. Lile fuvu jeupe nalo likaingia kwenye kasha, maana uongo wake pia ulikuwa ushahidi.

"Nikuprintie upande wa kushoto?" Ciku aliuliza. "Ni masaa, lakini."

"Anza sasa. Atakuja askari kuichukua, usimpe mtu mwingine yeyote. Mimi siwezi kungoja."

Njiani aliwaita askari wawili wa kituo wamkute ranchini. Alijua alichokuwa nacho na alichokosa. Pembe moja haifanyi matundu mawili kwa pigo moja. Irungu alikuwa ameapa kwamba aliona pembe mbili zikizama pamoja. Basi hakuona fahali akiua mtu. Lakini kitu fulani chenye ncha mbili kilimpata Muema, na kwa sababu fulani.

*

Lori la mifugo lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi kwenye boma la nyuma. Mzee mmoja aliyejifunga shuka nyekundu alikuwa akiwasukuma ng'ombe kwa fimbo, bila hamu. Alikuwa Lemein, mchungaji aliyeajiriwa badala ya Muema.

"Takwenya," mzee alimsalimu.

"Iko," Soila aliitika. Macho yake yalikuwa yameshahamia kwa ng'ombe. Mate yalikuwa yakining'inia midomoni kama nyuzi. Mmoja aliinua mguu akautikisa, akaogopa kuukanyagia. "Papa, hawa wako na oloirobi."

Lemein alitazama kule nyumbani kabla ya kujibu. "Wako nayo. Ata wewe umeona, na wewe ni polisi, si daktari. Mimi nilisema. Nikaambiwa nifunge mdomo, nipakie."

Wilaya nzima ilikuwa chini ya karantini kwa ugonjwa huo wa miguu na midomo; hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuvuka geti. Soila aliwapungia mkono askari waliokuwa wakifika, mmoja akasimama mbele ya lori na kuchukua ufunguo kwa dereva.

"Papa, nyasi kavu mnawalisha na nini?"

"Na mikono."

"Hamna uma?"

"Ilikuwako ile ya meno mawili, nilisikia. Meneja anasema ilivunjika. Hata josho alituambia tusisafishe, na limejaa takataka mpaka juu. Mimi sijui. Naambiwa tu usifanye hii, usifanye hii."

Josho lilikuwa nyuma ya stoo, mtaro mrefu wa saruji ambamo zamani ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe. Maji yake yalikuwa meusi na mazito. Askari mmoja alivua viatu, akatafuta ndoano ya kuvutia magunia, akaanza kukwangua chini. Soila alitembea ukingoni, huku na huku, huku na huku.

Irungu alikuja akitembea haraka, shati limechomoka upande mmoja.

"Madam, mnafanya nini? Mmepima ile fuvu?"

"Nimepima. Pembe mbili, kama ulivyosema."

"Basi?"

"Basi nimeona pia ile picha ya kwanza, kabla daktari hajaitengeneza ya darasa. Pembe moja. Ya kushoto ni kisiki. Ulipoona lile fuvu jeupe ulidhani Mungu amekusaidia, Irungu. Ukalichukua la kweli ukalivunja, ukanituma mimi kwa la plastiki."

"Hiyo ni kompyuta. Kompyuta inaweza kuchora chochote."

"Kweli. Ndiyo ilikuchorea pembe ya pili."

Ndoano iligonga chuma. Askari akavuta. Kilichotoka majini kilikuwa uma wa nyasi wenye meno mawili marefu, mpini umekatwa kwa msumeno. Matope yalidondoka kutoka kwenye ncha zake. Soila alichuchumaa, akatoa kamba. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Yalitua sawasawa; safari hii hapakuwa na neno karibu.

Irungu alikaa juu ya ukuta wa josho. Buti zake ziligusa matope na hakuziondoa.

"Hiyo haionyeshi ni nani alishika," alisema.

"Haionyeshi. Wewe ndiye uliyeonyesha, uliposema uliona pembe mbili. Mtu asiye na hatia angesema hakuona."

Ng'ombe mmoja alilia ndani ya lori. Irungu aligeuka akalitazama, na ilikuwa kama lori ndilo lililomshinda.

"Alitaka kupigia daktari wa mifugo," alisema. "Simu ilikuwa mkononi. Nikamwambia, Muema, hili shamba likifungwa mimi ndiye nitafukuzwa, si mzee, si wewe. Akasema hawezi kulala na wanyama wakiteseka hivyo, na hizo mate zitafika kwa majirani. Nilikuwa natoa nyasi. Hiyo kitu ilikuwa mkononi yangu, Madam. Ilikuwa tu mkononi yangu."

"Simama," Soila alimwambia. Akamwambia haki zake, akamfunga pingu, akamkabidhi kwa askari. Kisha akampigia daktari wa mifugo wa wilaya ile simu ambayo Muema hakuwahi kuipiga, akamweleza alichoona na mahali alipo.

*

Tangu afukuzwe kwenye nyumba ya wafanyakazi, Kaluki alikuwa amekodi chumba Kitengela nyuma ya soko, kwenye ploti yenye milango iliyopangana na kamba za nguo. Jua lilikuwa bado halijatua Soila alipofika. Kaluki alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Watoto wake wawili walikuwa wameketi miguuni pake. Safari hii Soila aliketi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote kwa mpangilio: picha, kisiki, uma, lori, na maneno ambayo Muema aliyasema kabla ya kufa.

Kaluki hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Hakuwa amekunywa?"

"Hakuwa. Nitasema hivyo kortini, na nitaandika."

"Usiandike tu. Jumapili uje kanisani useme. Walinikalisha nyuma kwa sababu ya huo ulevi."

"Nitakuja, Mama Mwende."

Mbuzi na ng'ombe wa jirani walipita uchochoroni wakirudi nyumbani, kengele zikigonga. Watoto wote wawili waliruka wakamshika mama yao, mmoja akaingiza uso ndani ya leso. Maharagwe yakamwagika. Kaluki akawashika migongo mpaka mlio ukapita.

"Kila siku nimewafundisha waogope ng'ombe," alisema, macho yake kwa Soila. "Nikawaambia, baba yenu aliuawa na ng'ombe, mkiona ng'ombe kimbieni. Sasa niwaambie waogope nani?"

Simu ya Soila ilianza kuita mfukoni. Mkubwa wake, bila shaka. Aliiacha iite. Alipiga magoti kwenye udongo, akaanza kuokota maharagwe, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo.